Wakili wa Kijani Anajulikana kwa Faili Zake

Kuna ofisi moja ya mawakili hapa Nairobi, na jina lake sitalitaja hata mkininunulia kuku mzima. Nilifanya mafunzo ya kazi pale miezi mitatu mwaka huu baada ya kumaliza diploma. Sikusomea sheria, nilisomea usimamizi wa ofisi, kwa hivyo kazi yangu ilikuwa ile kila mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mafunzo anaijua: chai, fotokopi na kutumwa. Pale mapokezi kulikuwa na mimea mitatu kwenye vyungu vyeupe, ndoo mbili za taka, moja ya karatasi na nyingine ya vitu vingine, na kibandiko juu ya printa kilichotuomba tufikirie miti kabla ya kuchapisha. Kila Ijumaa jioni mama wa usafi alikuwa anamwaga ndoo zote mbili kwenye gunia moja. Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye niliacha.

Siku niliyoacha kucheka ni ile nilitumwa mtaani kwetu. Wakazi wanaoishi karibu na mto, nyuma ya nyumba zetu, walikuwa wameshtaki biashara moja iliyokuwa inamwaga maji machafu usiku. Mto wenyewe mnaujua, ama mnajua ndugu yake: asubuhi una rangi ya strungi, jioni una povu. Kesi yao ilitupwa kabla hata shahidi mmoja hajasimama, kwa sababu hati zao hazikuwa zimepangwa vile korti inataka. Walikuwa wameandikiwa na jamaa wa saiba. Ofisi yetu ndiyo iliyokuwa inatetea ile biashara. Baada ya kushinda ikaandaa bili ya gharama za kesi, na wakazi wanne, kwa majina yao, ndio walitakiwa kulipa. Nilitumwa niandamane na mzee anayepeleka hati za korti, kwa sababu mimi naujua mtaa na yeye hana siku ya kuzunguka akiuliza.

Jina la pili kwenye ile orodha lilikuwa la mama anayeuza chapati pale stage. Tunamwita Mama Brayo. Nimekula chapati zake kwa deni tangu nikiwa darasa la sita. Aliangalia karatasi, akaangalia hesabu ya chini kabisa, tarakimu sita, halafu akaniangalia mimi.

"Kevo, kwani hata wewe?"

Hiyo tu. Akakunja zile karatasi akaziweka chini ya mkebe wa unga, na sisi tukaondoka. Mzee wa hati alikuwa na haraka, alibakisha watu wawili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya mawakili na mazingira hapa Kenya kama mtu anayetafuta pesa aliyoangusha. Swali langu ni rahisi: ofisi ya wakili ikisema inajali mazingira na watu, tutajuaje kama ni ukweli? Na niliyoyapata yamenifanya nione vile vyungu vyeupe kwa jicho lingine kabisa.

Wacha tuanze karibu. Wengi wetu tulikutana na wakili wa bure kwa mara ya kwanza Juni 2024. Si mnakumbuka zile namba za simu zilizokuwa zinazunguka mtandaoni? Ukikamatwa, piga hapa. Mawakili walizunguka vituo vya polisi usiku wakitafuta vijana ambao wazazi wao hawakujua wako wapi, na Faith Odhiambo, rais wa Chama cha Mawakili wakati huo, akawa jina ambalo hata ndugu yangu wa shule ya msingi analijua. Tukadhani tumeanzisha kitu kipya. Hapana wasee, tulikuta meza imeshaandaliwa.

Kituo cha Sheria kilianzishwa 1973. Mawakili vijana na wanafunzi wa chuo waliona kwamba maskini wa jiji hili wana haki nyingi kwenye vitabu na hawana mtu wa kuwasomea hivyo vitabu. Mpangaji aliyefungiwa nyumba, kibarua aliyefutwa bila mshahara, hao ndio watu wa Kituo. Wakati huo wakili alikuwa mtu wa kampuni, benki na wenye mashamba, na ukionekana kwenye ofisi yake bila viatu vizuri karani anakuuliza umetumwa na nani. Kituo kipo mpaka leo, zaidi ya miaka 50 baadaye. Nimetaja hiyo miaka kwa sababu hapo ndipo kuna maana ya neno endelevu ambayo watu wa vyungu huisahau. Kabla ofisi iendeleze msitu, lazima yenyewe iendelee kuwa wazi Jumatatu asubuhi.

Sasa twende 1989. Hii hadithi mmeisikia shuleni kwa kifupi: Wangari Maathai, Uhuru Park, jengo refu. Shuleni huwa wanaruka sehemu ya korti, na kwangu hiyo ndiyo nyama yenyewe.

Kampuni ya Kenya Times Media Trust, iliyokuwa na uhusiano na chama tawala cha KANU na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, ilitaka kujenga mnara wa ghorofa 60 katikati ya Uhuru Park, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Ile bustani ambayo watu wa Nairobi wasio na pesa ya hoteli huenda kukaa kwa nyasi Jumapili. Maathai aliandika barua. Aliandikia wakubwa wa serikali, akaandikia wa kampuni, akaandikia mashirika ya nje. Wabunge wakamtukana bungeni. Barua zilipokosa majibu, akaenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe.

Disemba 1989 Jaji Norbury Dugdale akaitupa kesi. Hakusema mnara ni mzuri, wala hakusema bustani si ya umma. Alisema Maathai hana haki ya kusimama mbele yake. Kulingana na sheria ya wakati huo, tuliyorithi Uingereza, kama kitu kinaumiza umma wote, basi anayeweza kushtaki kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu. Wewe raia wa kawaida lazima kwanza uonyeshe kwamba umeumia kuliko wengine, kwamba kuna kitu chako binafsi kimeharibiwa. Na bustani ya watu wote si kitu chako binafsi.

Hebu tulia hapo. Mwanasheria Mkuu ni wakili wa serikali, na mnara ni wa watu wa serikali. Ni kama caretaker wa ploti akuibie gesi, halafu uambiwe mtu pekee anayeruhusiwa kupeleka ripoti polisi ni caretaker.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Green Belt Movement ilifukuzwa kwenye ofisi za serikali ilizokuwa ikitumia, ikahamia nyumbani kwa Maathai, South C. Shirika zima, meza, faili na wafanyakazi, ndani ya nyumba ya mtu. Mnara wenyewe haukujengwa. Wafadhili wa nje waliona aibu, pesa zikakosekana, na mapema miaka ya 1990 mradi ukafa. Bustani iko, mtu anaweza kwenda leo akakaa. Lakini tusidanganyane: ilipookolewa, korti ilikuwa imefunga mlango na kuzima taa. Na mwaka 1994 Maathai na wenzake waliporudi kortini, safari hii wakishtaki Baraza la Jiji la Nairobi kuhusu ardhi ya umma, waliambiwa maneno yale yale. Huna haki ya kusimama.

Fikiria wewe ni wakili kijana miaka hiyo. Una ofisi ndogo, una kodi ya kulipa, na anakuja mtu anataka utetee mti. Unajua sheria itamrudisha mlangoni. Unajua pia wateja wako wanaolipa wanaweza kuogopa wakisikia jina lako limetajwa na wanasiasa. Kusema "samahani, tafuta mwingine" kungeeleweka kabisa. Kwamba kulikuwa na waliosema "karibu, kaa chini" ni jambo ambalo sisi hatulijui vya kutosha. Majina yao hayakuwa kwa vitabu vya darasa la nane.

Halafu Karura. Mwishoni mwa miaka ya 1990 msitu ulikuwa unakatwa vipande na kugawiwa wajenzi binafsi. Januari 1999 Maathai na wenzake walipigwa na genge la walinzi wakijaribu kupanda mti kule. Wanafunzi wa vyuo wakaingia barabarani. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya usimamizi wa mazingira, ambayo wengi mnaijua kwa sababu ya NEMA. Kifungu cha 3 cha sheria hiyo kilisema kila mtu Kenya ana haki ya mazingira safi, na kwamba anaweza kwenda kortini kuitetea hata kama hawezi kuonyesha kwamba ameumia yeye mwenyewe. Miaka kumi baada ya Maathai kuambiwa hana haki ya kusimama, sheria ikasema simama.

Kuna kesi moja ya 2006 ambayo mimi huipenda kwa sababu ina ucheshi ndani yake. Wenye majengo wa mji wa Kiserian walishtakiwa kwa kuachilia maji ya choo kuingia mtoni. Wakakimbilia Mahakama Kuu kulalamika kwamba wameonewa, wamechaguliwa wao peke yao. Majaji watatu wakakubali kwamba namna walivyoshtakiwa haikuwa haki. Wangeishia hapo watu wangeenda nyumbani wakipigiana simu za pongezi. Lakini majaji wakaendelea: haki ya kuishi, wakasema, ina maana pia ya kuishi kwenye mazingira yasiyokuua, na vizazi ambavyo havijazaliwa vina sehemu yao kwenye ule mto. Waliokuja kujitetea wakarudi na somo, na mamlaka za pale zikaelekezwa kushughulikia mfumo wa majitaka. Wakili akisoma hukumu kama hiyo anajua kwamba sasa anaweza kujenga kesi juu ya kitu.

Katiba ya 2010 mnaijua, ama mnajifanya mnaijua. Kifungu cha 42 kinatoa haki ya mazingira safi. Cha 70 kinasema anayeenda kortini kwa ajili ya haki hiyo hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu amepata hasara au ameumia. Cha 22 kinataka kanuni za korti zihakikishe kwamba hakuna ada ya kuanzisha kesi ya haki za binadamu, na kanuni zilizotungwa 2013 zinaruhusu korti kupokea hata barua ya kawaida. Kikaundwa pia Korti ya Mazingira na Ardhi. Kwa karatasi, mlango ambao Maathai aligonga 1989 umeng'olewa pamoja na bawaba.

Sasa kwa nini Mama Brayo ana bili chini ya mkebe wa unga?

Kwa sababu kuruhusiwa kuingia na kuweza kukaa ndani ni vitu viwili. Chukua Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa wenye watu wapatao 3,000. Kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilifunguliwa pale 2007. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa nacho, mtoto wake akaugua, vipimo vikaonyesha damu yake ina madini ya risasi. Akaacha kazi akaanza kupiga kelele. Akakamatwa, akashtakiwa, akaachiliwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Wakazi wakaenda kortini 2016. Julai 2020 Korti ya Mazingira na Ardhi kule Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe. Watu wakacheza. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa hiyo fidia. Watu wakalia. Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hesabu miaka: 2016 hadi 2024. Miaka minane, ngazi tatu za korti. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku kesi inapelekwa alikuwa anamaliza kidato cha kwanza siku hukumu ya mwisho inasomwa, na hukumu ni karatasi, bado pesa zinapaswa kutoka mahali. Kwa miaka yote hiyo mtu alikuwa analipa nauli za mashahidi, vipimo vya damu na udongo, kuchapisha, tikiti za kwenda Nairobi. Na wakili wa upande huo alikuwa na karani anayetaka mshahara tarehe 30 kama karani yeyote mwingine.

Hapa ndipo nilipogundua kwamba swali la ofisi ya wakili inayojali watu ni swali la hesabu zaidi ya roho nzuri. Na sheria yenyewe haimsaidii sana. Mnajua kwamba Kenya wakili haruhusiwi kukubaliana nawe kwamba utamlipa ukishinda tu? Sheria ya Mawakili inabatilisha mkataba kama huo. Zile sinema ambapo wakili anasema tukishinda nachukua asilimia 30, tukishindwa hunilipi, hapa haziendi. Na akijitangaza kwamba anafanya kazi kwa bei ya chini kuliko ile ya jedwali rasmi, hilo ni kosa. Kwa hivyo mwenye pesa kidogo amebanwa katikati: bei ya jedwali hawezi, bei ya kusikilizana hairuhusiwi. Linalobaki ni mtu amfanyie bure kabisa. Serikali ina sheria ya msaada wa kisheria tangu 2016, lakini muulize Mama Brayo kama amewahi kuisikia.

Mafunzo yangu yalipoisha nilimtafuta mama mmoja wakili ambaye tunasali naye kanisa moja, nikamweleza kila kitu. Ofisi yake iko ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Hakuna mmea hata mmoja. Kuna kiti kimoja cha plastiki ambacho ukikalia vibaya kinakutupa. Nilimuuliza wakili wa kawaida anawezaje kuchukua kesi ya mto bila kufunga ofisi.

"Kijana, mashamba ndiyo hulisha mito," akasema.

Nilidhani anatoa methali. Alikuwa anaeleza biashara yake. Pesa zake nyingi zinatoka kwa kazi ya kuuza na kununua mashamba, urithi, na ajali za barabarani. Kila mwaka anaamua mapema ni faili ngapi za bure ofisi inaweza kubeba bila karani kukosa mshahara, na hiyo namba haizidishi hata mtu akija akilia. Alisema aliwahi kuizidisha, akakosa kodi ya miezi miwili, na wale wa bure wakakosa wakili pamoja na wanaolipa. Kesi kubwa hachukui peke yake. Anatafuta shirika la kulipia vipimo na wakili mwingine wa kugawana siku za korti, ili mmoja akiugua kesi isilale. Na wateja wa bure anawafungulia faili rasmi yenye namba, sawa na benki, kwa sababu faili isiyo na namba ndiyo husahaulika tarehe ya korti.

Halafu akaniambia kitu ambacho sikutarajia. Alisema kazi yake ya mazingira iliyo kubwa kuliko zote haifanyiki kortini, inafanyika kwenye ile meza ya mashamba. Mtu akija na hati ya kiwanja cha kununua, yeye hutuma mtu akaangalie kiwanja chenyewe kwa macho. Akikuta ni ukingo wa mto, kinamasi, ama kipande cha msitu kilichopata hati kimiujiza, anarudisha faili. Anapoteza ada. Wengine huipeleka faili kwa jirani, na jirani anaifanya bila maswali.

Nilienda nikasoma kuhusu hilo, na manze, iko wazi. Tume ya Ndung'u iliundwa 2003 kuchunguza unyakuzi wa ardhi ya umma, na ripoti yake ya 2004 haikulaumu wanasiasa peke yao. Ilitaja wataalamu waliosaidia: wapima ardhi, wathamini, maafisa wa ardhi, na mawakili. Ukifikiria, haiwezi kuwa vingine. Hakuna msitu unaoingia mfukoni mwa mtu kwa panga. Unaingia kwa karatasi, na karatasi ina mtu aliyeichapisha, akaigonga muhuri, akalipwa. Wakati Maathai anapigwa kule Karura, mahali fulani mjini kulikuwa na ofisi zenye zulia zuri ambapo hati za vile viwanja zilikuwa zinapangwa kwenye faili. Labda nazo zilikuwa na mimea mapokezi.

Sisemi kuhusu karatasi ni upuuzi. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mbele ya fotokopi mpaka magoti yanauma, kwa hivyo naijua hiyo karatasi kwa jina. Hati moja ya kiapo yenye viambatisho inaweza kufika kurasa 200, halafu ya jaji, ya upande wa pili, ya wakili, ya mteja, na ya akiba kama ile ya jaji ikipotea. Mfumo wa kupeleka kesi kwa mtandao ulianza kortini Nairobi Julai 2020 wakati wa korona, na 2024 ukapelekwa korti zote nchini. Hata hivyo mazoea hayafi haraka. Agosti 2022 si sote tuliona lori likileta maboksi ya ushahidi Mahakama ya Juu kwenye kesi ya uchaguzi wa rais? Huo mfumo ulikuwa na miaka miwili tayari. Ofisi niliyokuwa ilikuwa inatuma kwa mtandao halafu inachapisha nakala zote kwa sababu wakili mkubwa hapendi kusoma kwenye skrini. Ikibadilisha hilo, nitashukuru kwa niaba ya magoti yangu. Lakini ukiniwekea mizani, rimu zote nilizomaliza miezi mitatu upande mmoja, na faili moja ya ukingo wa mto iliyokubaliwa upande wa pili, mto ni mzito.

Najua kuna msomaji anayesomea sheria ambaye ameshaanza kuandika: hata mwenye biashara ya maji machafu ana haki ya wakili. Kweli kabisa, na sitaki nchi ambayo hana. Angekuja kwangu ningemwambia aende akatetewe. Lakini kumtetea ni kitu kimoja, na kuwafuata wauza chapati wanne kwa gharama ni kingine. Korti ina uhuru wa kutowatoza gharama watu walioenda kutetea haki ya umma, na mwenye kushinda anaweza kuamua kutodai. Aliyeshinda pale hakuzihitaji zile laki kadhaa, kwake ni mafuta ya gari za kampuni. Nilisikia mwenyewe zikizungumziwa kule ofisini, nikiwa nimebeba trei ya chai. Lengo lilikuwa mtaa usirudi tena kortini. Mnaona vile mlango uliong'olewa 2010 unaweza kurudishwa na bili moja? Maathai aliambiwa hana haki ya kusimama. Mama Brayo ameambiwa anayo, na akaonyeshwa bei yake.

Wakili aliyeandaa ile bili angeweza kumwambia mteja wake, boss, tumeshinda, tuache hapo, tafuta mtambo wa kusafisha maji. Hayo maneno hayakuhitaji ufadhili wala chungu cha maua. Sijui kama yalifikiriwa. Mimi nilikuwa mtoto wa fotokopi, na sikusema kitu. Nilibeba bahasha.

Juzi nilirudi stage. Ilikuwa mara ya kwanza kununua chapati pale tangu siku ile, na nililipa deni la zamani kwanza, shilingi 140. Nikamwambia kuna mama wakili anataka kuona zile karatasi kabla ya tarehe ya bili kusikizwa, na kwamba hatatozwa kitu. Akaniuliza kama huyo wakili ni wa kwao ama ni wa kwetu. Nikamwambia ofisi iko juu ya duka la vipuri. Akacheka kidogo, akainua mkebe.

Mama wakili alikuwa amenikataza kutoa fotokopi. Alisema picha za simu zinatosha. Nikazipiga zote sita pale pale juu ya meza ya kusukumia. Ukurasa wa tatu una doa la mafuta, lakini hesabu inasomeka.